Silaha ya Kumzuia Kaburu Aliyekufa

Shamba la Sasahivi,
Kaptagat.
4 Julai 1966

Kwa Mama Zeinab,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Zeinab na duka lote. Mimi pia ni mzima, ila nimezungukwa na wafu.

Usicheke kwanza. Nimepanga chumba nyuma ya duka lako miaka mingi na unanijua. Pombe sinywi, ni mzee wa kanisa, na nilipokuwa karani wa mizigo pale stesheni ya Eldoret sikuwahi kuandika gunia ambalo sijaliona kwa macho yangu. Kwa hiyo nikiandika kwamba nimewaona, nimewaona.

Unakumbuka vile kampuni yetu ilinunua shamba hili kwa yule kaburu ambaye wafanyakazi wake walimwita Bwana Sasahivi. Unakumbuka pia kwamba hisa yangu ilikuwa nusu, na mwenyekiti wetu, Bwana Stephen, akasema nusu iliyobaki nitaimaliza kwa kulinda shamba mpaka mpimaji wa serikali aje kukata vipande na wanachama tupige kura ya kugawana. Nikiondoka kabla ya siku hiyo, hata kama ni kwenda kung'oa jino, sina hisa na sina shamba. Na mke wangu Waithira kule Kangema ameshaanza kuuza mbuzi ili ahamie huku na wasichana. Mbuzi wakishauzwa hawarudi.

Sasa sikia. Kati ya nyumba na mto wamezikwa watu wa ukoo wa Sasahivi, chini ya misalaba ya mawe. Kila alfajiri, ukungu ukiwa bado umekaa, wanakuja kutoka upande huo. Wanatembea mmoja nyuma ya mwingine, polepole, wakiburuta miguu. Wanaume wana makoti marefu na kofia pana. Kuna mwanamke mwenye gauni jeupe la harusi, lile la kuburura nyuma, na kofia ya unyoya. Nyuso zao zinang'aa kama sahani. Na wanaguna. Hawasemi neno, ni mguno tu wa chini, kama wa mtu mwenye jino bovu. Wanapita nyuma ya nyumba, na jua likipanda hawapo.

Nimefikiri sana mpaka nikaelewa. Shamba limeuzwa wao wakiwa ndani. Kaburu aliye hai alitia sahihi, lakini hawa waliolala hakuna aliyewauliza.

Wewe unauza vyombo vya chuma, ndiyo maana nakuomba ushauri. Ni silaha gani inayomfaa mtu ambaye ameshakufa? Jibu umpe Jacktone, dereva wa lori la maziwa, yeye hupita hapa kila asubuhi kuchukua mikebe pale barabarani. Mwenyekiti usimwambie. Waithira ndiye hasa usimwambie.

Ni mimi jirani yako,
Gerishon Gathogo,
Mlinzi wa Shamba


Duka la Shamsa Abdi,
Eldoret.
6 Julai 1966

Kwako Baba Wangari,

Barua yako imefika ikinuka maziwa. Nimeisoma kaunta, halafu nikaenda kuirudia chumbani ili nicheke bila kuwafukuza wateja.

Lakini kazi ni kazi, na umeniuliza swali la kazi. Tuanze na panga. Panga linataka umsogelee mtu mpaka umhesabu meno, na tena humtisha yule anayesikia uchungu. Maiti amemaliza habari ya uchungu. Rungu ni afadhali, kwa sababu linavunja goti, na hata aliyekufa hawezi kutembea bila goti. Shida ni kwamba rungu linataka bega, na bega lako nalijua tangu siku ile ya kuhamisha kabati. Upinde ungejifunza ukiwa mtoto, sasa umechelewa. Bunduki inataka kibali, na afisa atakuuliza unataka kumpiga nani. Nenda umweleze.

Mimi nakushauri uchukue ule uma mrefu wa kugeuzia nyasi. Mpini wake unakupita wewe kimo, na una meno ya kutosha. Mtu akija unamshikilia kule kule mbali, na mnaweza hata kuzungumza. Nimempa Jacktone mmoja akuletee. Wafu wakikushinda, utakusanyia nyasi.

Upande wa dini, sisi tuna Ayatul Kursi, lakini hiyo siuzi, na wewe hata kuitamka huwezi.

Niulize jambo moja tu. Hawa wazungu wako kwa nini wanatembea kwa miguu? Walipokuwa hai sikuwahi kumwona hata mmoja akitoka kwenye gari.

Mama Zeinab


Shamba la Sasahivi,
Kaptagat.
10 Julai 1966

Kwa Mama Zeinab,

Uma umefika, asante. Nimefanya nao mazoezi sebuleni mchana. Nimechoma kiti cha Sasahivi na gambuti yangu ya kushoto, mguu ukiwa ndani, lakini jino lilipita kati ya vidole. Mungu ni mwema.

Nimegundua kwamba uma ni mzuri kwa mtu mmoja. Wao ni wengi. Ukimshikilia wa kwanza, wa pili anakuzunguka. Nilipata mjeledi wa maksai kwenye stoo, nikasema, hawa ni makaburu, wameutumia wenyewe kwa ng'ombe na kwa watu, wataujua na kuuheshimu. Niliupiga mara moja kwa kujaribu. Ukanizunguka shingoni mwenyewe, nikakaa hapo kwenye baraza nikijifungua kama mzigo.

Jana alfajiri nikajaribu silaha ya kiroho. Nilifungua dirisha kidogo, nikaimba wimbo wa kanisani kwa Kikuyu, kwa nguvu zote. Mama Zeinab, walisimama. Walisimama makaburini wakiniangalia mpaka ubeti wa mwisho. Halafu wakaendelea na safari yao, na mguno ukawa ni ule ule wimbo wangu. Mwanamke wa gauni la harusi ndiye aliyeanza.

Baada ya hapo nilikaa nikaandika masharti ya silaha ninayoitaka. Isitake risasi. Isitake mtu jasiri. Isipige kelele, maana kelele huita wengine. Na imwache mwenyewe akiwa mbali sana na adui. Kama duka lako lina kitu cha namna hiyo, tuma haraka.

Sasa nimewaona vizuri zaidi. Yule wa mbele ana koti la vifungo vya shaba. Ana mwendo wa mtu aliyezoea kuamuru, nafikiri ni babu yake Sasahivi.

Gerishon Gathogo


Eldoret.
12 Julai 1966

Kwako Baba Wangari,

Silaha isiyotaka risasi wala ujasiri, isiyo na kelele, na inayomwacha mtu mbali sana na adui, ipo hapa mjini. Inaitwa basi la Nakuru. Linaondoka kila asubuhi, na hakuna atakayekucheka zaidi ya mimi.

Lakini acha kwanza. Lile koti la vifungo vya shaba, mkono wake mmoja umeungua karibu na kiwiko? Na ule unyoya wa kofia, ncha yake imevunjika?

Halafu nijibu na hili. Ng'ombe wa hapo wanakamuliwa na nani?

Mama Zeinab


Shamba la Sasahivi,
Kaptagat.
14 Julai 1966

Kwa Mama Zeinab,

Umejuaje kuhusu mkono ulioungua? Nimeangalia leo alfajiri kupitia tundu la ufunguo, na ni kweli, umeungua pale pale uliposema. Na unyoya umevunjika. Ina maana wameshafika mpaka mjini.

Kwa hiyo nimefanya ambalo sikutaka kufanya, nimemwandikia mwenyekiti. Nimemwambia aje na watu, na wasije mikono mitupu.

Basi la Nakuru nimelisikia na sikuchekeshwa. Nikipanda basi hilo, Waithira atafika na wasichana na vyungu vyake, akute nyumba ya watu wengine. Juzi ameniuliza kwa barua kama paa ni la mabati. Nimemjibu kwamba ni mabati, kuna bomba la maji ndani ya jikoni, na majirani ni watu watulivu sana.

Swali lako la ng'ombe sikulielewa. Ng'ombe hawana shida. Asubuhi wanatoka wenyewe kwenda malishoni, jioni wanarudi wenyewe, ng'ombe wa kizungu wana adabu. Maziwa yanakuwa barabarani kila siku, mikebe imejaa na imefunikwa, Jacktone anapakia. Mwenyekiti anapokea hundi ya maziwa kila mwezi na hajawahi kulalamika. Kama yeye hajauliza, mimi mwenye nusu hisa niulize kwa nini?

Gerishon Gathogo


Eldoret.
19 Julai 1966

Kwako Baba Wangari,

Isome hii ukiwa umekaa, na usiisome kwa sauti.

Jana mwenyekiti wako alikuja dukani na wanachama. Walijaa mpaka mlangoni, wakibishana kuhusu silaha kama watu wanaojadili mahari. Bwana Stephen alichukua panga refu kuliko yote akalinoa hapa hapa. Mweka hazina alitaka shoka, akaliinua, akalirudisha, akachukua taa. Mwingine alinunua sufuria akaivaa kichwani, akaniuliza kama nina ndogo kidogo. Wamekodi lori. Jumamosi alfajiri watakuwa kwako, na wamekubaliana kwamba kwenye ukungu hakuna kuuliza jina, ni kukata tu. Niliwauzia vyote nikafurahi. Walipotoka nikakaa juu ya gunia la chumvi, na chai yangu ikapoa nikiiangalia.

Baba Wangari, nguo zile niliziuza mimi. Sasahivi alipopiga mnada vitu vyake kabla ya kuhama, nilinunua masanduku mawili ya nguo za marehemu wa kwao. Hapa mjini hakuna aliyetaka gauni la harusi la kizungu la kuburura nyuma, wala koti lililoungua. Nikawapa bei ya chini wafanyakazi wa shamba hilo hilo, maana Kaptagat ni baridi na wao huamka kabla ya jua. Koti la vifungo vya shaba analo Wepukhulu. Gauni na kofia ya unyoya anavyo mkewe, Namalwa. Wale ni watu wazima na hai kama wewe, na ndio wanaokukamulia ng'ombe. Ulifikiri ng'ombe wanajikamua na kufunika mikebe?

Utaniuliza kwa nini nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu wewe ni mtu wa kampuni. Sasahivi aliwaambia wakati wa kuondoka kwamba wenye shamba wapya watawafukuza siku ile watakapowaona. Wepukhulu amezaliwa hapo, ng'ambo ya mto, na baba yake amezikwa hapo, ila yeye hakuwekewa msalaba wa jiwe. Hawana kwingine. Wakaamua wasionekane, na maziwa yasikose hata siku moja. Walidhani mtu akipata maziwa yake hatauliza yametoka wapi. Na kweli hamkuuliza.

Kesho alfajiri ondoka kitandani, uache huo uma nyumbani, uende ukakae kwenye banda la kukamulia uwangoje. Wiki zote hizi nimekutania. Leo sikutanii. Nimewauzia watu mapanga ya kuwakata wateja wangu, na naogopa.

Shamsa


Shamba la Sasahivi,
Kaptagat.
20 Julai 1966

Kwa Mama Zeinab,

Nimekwenda. Uma niliuacha, lakini nilibeba Biblia, naomba usinilaumu.

Nilikaa kwenye kigoda katikati ya ng'ombe, nimejifunika blanketi jeupe kwa sababu ya baridi. Namalwa akaingia wa kwanza na ndoo yake. Aliponiona alipiga ukelele ambao sijawahi kusikia hata msibani, akanirushia ndoo, akanipata hapa juu ya sikio. Wepukhulu akaja mbio, akanimwagia usoni chumvi ya ng'ombe, viganja viwili vimejaa, akarudi nyuma akingoja niyeyuke.

Sikuyeyuka. Nilipiga chafya. Ndipo tukaanza kuongea.

Mama Zeinab, walidhani mimi ndiye maiti. Wepukhulu aliniambia bila haya. "Mzee, utatulaumu? Sasahivi ameenda zake, sisi tumemwona akienda. Halafu kuna mtu ndani ya nyumba. Mchana hatoki. Moshi hatuoni. Dirisha linafunguka kidogo tu, jicho moja linachungulia. Halafu siku ile ukaimba. Mke wangu alisema huyo ni mzee wake Sasahivi amerudi kutafuta nguo zake, na sisi ndio tumezivaa." Kwa hiyo walikuwa wanapita polepole wasiniamshe. Waliitikia ule wimbo ili nisikasirike. Chumvi walikuwa wanaibeba kila siku mfukoni, wao pia walikuwa wamekaa kikao cha kuchagua silaha.

Mengine yote ni mambo ya kazi. Gambuti za wazungu ni kubwa, wanajaza nyasi ndani ndiyo maana wanaburuta. Nyuso zinang'aa kwa mafuta ya kukamulia, wanajipaka yasiwapasue baridi. Mguno ni wa kumtuliza ng'ombe ili ateremshe maziwa. Namalwa ameniwekea mkono wangu kwenye chuchu ya ng'ombe akanifundisha. Ng'ombe aligeuka akanitazama mpaka nikaomba msamaha.

Tulikunywa uji pamoja. Mama huyu alininyima sukari kwanza, baadaye akaniongeza.

Sasa nina shida ambayo ni kubwa kuliko ile ya kwanza. Jumamosi ni mtondo, na wanachama wanakuja na mapanga. Nikisema hawa ni wafu, watakatwa. Nikisema ni wafanyakazi, mwenyekiti atawafukuza kabla ya saa sita. Na nikimpinga mwenyekiti, nusu hisa yangu imeenda, na Waithira hana pa kufikia. Sijalala. Nipe silaha ya hiyo, kama unayo.

Gerishon Gathogo


Eldoret.
21 Julai 1966

Kwako Baba Wangari,

Hiyo sina. Lakini nina mawazo.

Jumamosi waambie Wepukhulu na watu wake wakae kwao ng'ambo ya mto, wasivuke hata mmoja. Kukamua utakamua wewe, umeshafundishwa. Koti uazime, utapata baridi.

Na wewe ni mzee wa kanisa, siwezi kukufundisha uongo. Wakikuuliza, sema ukweli. Ila ukweli si ugali, hulazimiki kuumaliza kwa kikao kimoja.

Mama Zeinab


Shamba la Sasahivi,
Kaptagat.
24 Julai 1966

Kwa Mama Zeinab,

Pamoja na barua hii Jacktone atakuletea mapanga, marungu, taa moja, pinde ambazo hazikuwahi kuvutwa, na sufuria. Vyote ni safi. Unaweza kuviuza tena.

Nilifanya kama ulivyosema. Wepukhulu alinipa koti lake, na gambuti zenye nyasi, kwa sababu yangu ina tundu la uma. Namalwa alinipaka mafuta usoni jana yake jioni na kunikataza kunawa. Alfajiri nikaingia bandani na ndoo. Kukamua kwa mtu anayejifunza si jambo la haraka, na ng'ombe waliozoea Namalwa hawana subira. Viwele vilijaa, wakaanza kulia. Mmoja akianza, wote wanafuata. Ukungu ulikuwa mzito, na sauti ile ilikuwa inatoka kila upande. Nilitishika mwenyewe, na nilijua ni nini.

Nilisikia lori limesimama getini. Nikaona si adabu mwenyekiti afike na mimi nisitoke kumpokea. Nikatoka kama nilivyokuwa, na ndoo mkononi. Nilitaka kuwaita kwa majina, lakini koo lilikuwa limekauka kwa baridi, nikatoa mguno tu. Kukimbia siwezi kwa zile gambuti. Nikawa nakwenda kwao polepole.

Bwana Stephen ndiye aliyetupa silaha wa kwanza, na ndiye aliyefika kwenye lori wa kwanza. Yule wa sufuria, ilimwingia mpaka puani, akakimbia bila kuona, akalipita lori, akaendelea. Nasikia walimwokota karibu na mjini. Mimi nilibaki nimesimama barabarani na ndoo yangu, na sikujua nicheke au nilie. Nilicheka. Halafu nikarudi, maana ng'ombe walikuwa bado wanalia.

Hakuna aliyekatwa.

Gerishon Gathogo


Shamba la Sasahivi,
Kaptagat.
18 Septemba 1966

Kwa Mama Zeinab,

Nimenyamaza muda mrefu kwa sababu nilikuwa naogopa kuandika jambo kabla halijatimia. Sasa limetimia. Mpimaji alikuja na vigingi vyake vya chuma, akakata vipande, na jana tulipiga kura.

Wanachama walikuja mchana jua likiwa juu kabisa, na lori waliliacha likinguruma. Mkutano tulifanyia barabarani. Kabla ya makaratasi kutiwa kwenye kofia, Bwana Stephen alinisimamisha mbele ya watu wote, akaniwekea Biblia mkononi. Akasema, "Mzee Gathogo, wewe ndiye umekaa na hawa. Tuambie mbele ya Mungu. Wapo au hawapo?"

Nilimwomba Mungu aniongoze, nikasema ukweli. Nilisema wapo. Nilisema wanatoka upande wa makaburini kila siku kabla ya jua, wamevaa nguo za marehemu, na nguo hizo nimezigusa. Nilisema nimewashika mikono na ni baridi, na hiyo ni kweli, maana wanaosha mikebe mtoni. Nilisema hawamdhuru mtu asiyewadhuru. Mweka hazina akauliza wanataka nini. Nikamjibu kwamba wanataka kuachwa mahali walipozikwa wazee wao. Wanachama wote wakasema hilo ni la haki, hata mzungu ana haki hiyo. Hakuna aliyeniuliza kama wana pumzi. Wangeuliza ningejibu.

Kila aliyevuta kile kipande cha makaburini alirudisha karatasi kwenye kofia. Kilizunguka mpaka kikabaki peke yake, na mimi wa nusu hisa huvuta mwisho. Mwenyekiti alinipa mkono wa pole. Mama Zeinab, kipande hicho kina mto, kina banda, kina nyumba ya mabati, na kinafika mpaka ng'ambo wanakokaa akina Wepukhulu. Ng'ombe waligawana haraka sana, hofu yao haikufika kwenye ng'ombe, lakini nimepata wachache.

Jioni nilivuka mto. Nilimwambia Wepukhulu kwamba ng'ambo yote ni yao, na kwamba mchana watembee wapendavyo. Akavua kofia, akauliza kama kesho wakamue saa ile ile. Nilimshika bega na nikalia mbele yake, mzee mzima, sioni aibu kukuambia.

Nimemwandikia Waithira aje.

Gerishon Gathogo


Kaptagat.
9 Oktoba 1966

Kwa Mama Zeinab,

Hunijui kwa sura, mimi ni Waithira, mama ya Wangari. Nakuandikia bila mume wangu kujua, yeye yuko bandani anabishana na ng'ombe.

Tulifika siku moja kabla ya ile aliyotarajia. Lori la maziwa lilitubeba kutoka mjini, mimi na wasichana na mizigo, likatushusha getini alfajiri kukiwa na ukungu. Nikaona mtu mrefu mwenye koti la kizungu anakuja anaburuta miguu, uso unang'aa. Nyuma yake bibi harusi. Mkononi nilikuwa na pasi ya makaa. Sikuuliza. Nilimpiga nayo yule mwanamume hapa kwenye paji la uso, akaanguka, nikamrukia na bibi harusi. Alinishinda yeye, ana mikono ya chuma. Tulikuwa chini sote wawili wakati mume wangu alipofika na kusema, "Waithira, huyu ni Namalwa, jirani yetu."

Wepukhulu anaendelea vizuri, na amenisamehe. Namalwa ananifundisha kukamua. Ni mimi nisiyesamehe mtu. Miezi yote hii niliandikiwa habari za mabati na bomba na majirani watulivu. Juzi Jacktone ndiye amenihadithia yote, wafu, uma, mapanga, kila kitu, na akasema wewe ulijua tangu mwanzo.

Mama, nimeishi na huyu bwana muda mrefu. Nampenda, lakini namjua. Harusi ya dada yangu alipanda juu ya meza kwa sababu ya bata mzinga. Sasa nataka uniambie, mwanamke kwa mwanamke. Mtu kama huyo aliamini kabisa kwamba nje kuna maiti, na alikaa peke yake. Kwa nini hakukimbia?

Waithira Gathogo


Eldoret.
11 Oktoba 1966

Kwako Mama Wangari,

Karibu sana huku kwetu. Ukija mjini ufikie kwangu, tule, nione huo mkono unaopiga kabla ya kuuliza.

Swali lako nimelifikiria nikiwa nafunga duka. Usidhani mumeo aligeuka shujaa. Aliogopa kweli kweli, barua zake zilikuja na maandishi ya kutetemeka, nyingine sikuweza kuzisoma bila miwani ya jirani. Nilimwambia aondoke, na njia ilikuwa wazi kila asubuhi.

Ila kulikuwa na barua moja aliyoiogopa kuliko wafu wote wa Kaptagat. Ni ile ya kukuambia usije. Hakuweza kuiandika, mama, kwa hiyo akabaki.

Shamsa Abdi